NANI AMESEMA?



Tangu miezi mingi mnatuletea ulizo moja tu. Msomaji anatukuta mlangoni mwa kanisa ao pahali pa kungojea basi ya kazi, anafungua gazeti, anaweka kidole juu ya mstari na kusema: "Hapa mmeandika, mtu mmoja aliye karibu na wakubwa ametuambia. Mtu huyo ni nani? Hana jina? Mama yake alimzaa bila kumwita?" Akisha kuuliza hivyo, analikunja gazeti na kulifungia karanga.

Hatumkasirikii. Wengi wetu tunaoandika karatasi hii ni makarani wa mgodi, na ulizo lake ndilo ulizo letu la kila siku kazini. Gari lenye mawe ya shaba likipanda juu ya mizani, mpimaji anaandika uzito na kutia mkono wake. Ghalani mwenye kupokea anatia mkono wake. Mwisho wa mwezi tani zikipungua, tunarudi nyuma karatasi kwa karatasi mpaka tumfikie mtu. Karatasi isiyo na mkono wa mtu tunaiweka pembeni, hata kama hesabu yake ni nzuri. Basi mtu aliyezoea kazi hiyo atapokeaje habari ya serikali, ambayo ni nzito kupita shaba, kama hakuna jina chini yake?

Lakini tunawaomba msiende mbio. Sisi watu wa Katanga tumeonjeshwa jambo hili kabla ya wengi, na somo lake si jepesi kama wengine wanavyolisema sokoni.

Tarehe 17 Januari 1961 ndege ilileta Patrice Lumumba, Maurice Mpolo na Joseph Okito kwenye kiwanja cha Luano, Elisabethville, mji ambao tangu 1966 unaitwa Lubumbashi. Askari wa Sweden, waliokuwa kiwanjani kwa kazi ya ONU, waliona kwa mbali wafungwa watatu wenye kufungwa macho wakisukumwa na kupigwa. Usiku uleule watatu hao waliuawa kwa risasi porini, mbele ya wakubwa wa serikali ya Katanga na mbele ya maofisa Wabelgiji. Serikali ilikubali tu kwamba wafungwa wamefika. Juu ya kifo, hakuna neno. Ilipofika tarehe 10 Februari, Waziri wa mambo ya ndani, Godefroid Munongo, akatangaza kwamba wafungwa wametoroka. Tarehe 13 Februari akawaita waandishi wa habari na kuwaambia kwamba wanakijiji wamewakamata na kuwaua. Kijiji gani? Hakukitaja. Alisema hatakitaja ili watu wa pale wasilipiziwe kisasi na wafuasi wa Lumumba. Akasema tena kwamba watapewa zawadi ya franka 400,000. Na kwa kuwa alijua vema watu watasema nini, akawajibu mbele hawajasema: toeni ushahidi.

Someni maneno hayo mara ya pili, wandugu. Sababu aliyoitoa Waziri ya kuficha jina la kijiji ni sababu ileile tunayoitoa sisi tukificha jina la mtu: kumlinda asipatwe na ubaya. Ni sababu nzuri kabisa, na ndani yake mlikuwa na uwongo mtupu. Hapakuwa na kijiji. Kwa hiyo yule msomaji wetu wa karanga ana haki mara mbili. Anajua kwamba neno "hatuwezi kumtaja" linaweza kuwa mlango wa chumba kisicho na mtu ndani.

Sasa geuzeni upande wa pili. Siku zile zile, kabla ya tangazo, habari ya kifo ilikuwa inatembea mjini. Nani aliileta? Hatuna majina yao. Katika kazi ya namna ile kuna dereva, kuna askari wa zamu, kuna boi wa nyumba anayepika na kusikia, kuna mtu aliyetumwa kuchimba. Mtu wa namna hiyo akirudi nyumbani usiku hawezi kulala na neno lile peke yake. Akimwambia mke wake, kesho yake komine ya Kenya imesikia, na kesho kutwa komine Albert. Hakuna mmoja wao aliyetia mkono chini ya karatasi, kwani angeuawa. Nao walisema kweli, wakati karatasi yenye muhuri wa serikali ilisema uwongo.

Hapo ndipo ugonjwa wetu ulipoanzia, ao tuseme ndipo ulipokomaa, maana mbegu ilipandwa zamani. Wazee wetu walipopigwa risasi Elisabethville katika mgomo wa Desemba 1941, wakubwa walitoa hesabu yao ya maiti na wafanyakazi wakabaki na hesabu yao, na mpaka leo hesabu hizo mbili hazipatani. Mtu aliyekulia katika nchi ya namna hiyo anajifunza kitu kimoja: yenye muhuri ni ya uwongo, ya mdomoni ni ya kweli. Wakati wa Mobutu, magazeti na redio vilipokuwa vyote vya chama kimoja, watu waliipa mdomo huo jina, redio trotwari, na wengi waliisikiliza kwa bidii kupita redio ya serikali.

Hatutaki kuidharau redio trotwari, lakini hatutaki kuipigia magoti vilevile. Redio hiyohiyo ndiyo iliyotuletea mitumbula. Vijana hawajui habari hii. Waulizeni babu zenu. Walisema kuna watu wanaotembea usiku makambini, wanakamata mtu, wanampumbaza, wanampeleka kwa Wazungu anenepeshwe na kuliwa. Watu wenye akili waliacha kutoka nje baada ya jua kuzama. Kila mmoja alikuwa na habari yake kutoka kwa mtu aliyeaminika, naye mtu huyo aliipata kwa mwingine, na ukifuata njia hiyo mpaka mwisho hukuti aliyeona kwa macho. Tofauti na habari ya kifo cha Lumumba iko hapo. Ile ilikuwa na mtu aliyeona, ingawa sisi hatukumjua jina. Hii ilikuwa na wasemaji elfu na hakuna shahidi hata mmoja.

Basi ulizo la "nani amesema?" ni zuri, lakini liko la pili lenye kulipita: "aliona, ao alisikia?"

ONU ilituma tume kuchunguza kifo kile. Serikali haikuwaruhusu wachunguzi kuingia Kongo, hata wakasikiliza mashahidi huko Ulaya. Novemba 1961 walitoa maandishi yao. Walikataa kabisa habari ya wanakijiji. Walisema wafungwa waliuawa tarehe 17 Januari, na kwamba wakubwa wa Katanga, kwa kadiri yote ya kuaminika, walikuwako. Katika hayo walisema sawa. Lakini waliandika kwamba mauaji yalifanyika katika nyumba moja karibu ya mji, kumbe nyumba ilikuwa pahali pa kufungiwa na kuteswa tu; risasi zilipigwa mbali zaidi, porini. Ndivyo inavyokuwa kwa mashahidi wa kunong'ona: mzigo unafika, lakini njiani umefunguliwa na kufungwa tena. Ilitupasa kungojea kitabu cha Ludo De Witte mwaka 1999, kisha tume ya baraza la Ubelgiji iliyomaliza kazi yake mwaka 2001, ndipo mambo yakapangwa na majina yake. Mbelgiji mmoja wa polisi, Gerard Soete, alieleza kwa mdomo wake mwenyewe, baada ya miaka karibu 40, jinsi maiti zilivyokatwa na kuyeyushwa ndani ya asidi. Jino lililobaki lilirudishwa mikononi mwa jamaa kule Brussels tarehe 20 Juni 2022, likapitishwa hapa kwetu mpaka Shilatembo, penye mauaji, likazikwa Kinshasa tarehe 30 Juni. Kutoka tangazo la kijiji kisicho na jina mpaka kaburi, miaka 61.

Na hatukupona. Tarehe 16 Januari 2001 Rais Laurent-Désiré Kabila alipigwa risasi katika nyumba yake ya kazi Kinshasa. Serikali ilisema ameumia, anatunzwa. Waziri wa mambo ya inje wa Ubelgiji, Louis Michel, akasema amekufa, na kwamba anayajua kwa watu wa kuaminika, bila kuwataja. Serikali ilikubali kifo tarehe 18. Kwa siku mbili nchi nzima ilikuwa inachagua: kumsadiki mkubwa wa nyumba anayesema kwa jina lake, ao mgeni anayesema kwa midomo ya watu wasiojulikana. Aliyemchagua mgeni ndiye aliyejua kweli. Mnaona jinsi jambo hili linavyouma? Si sisi tuliowafundisha watu wetu kutosadiki. Wamefundishwa na matangazo.

Kuna wanaosema: "Huko Ulaya na Marekani magazeti ni safi, sisi tu ndio wa uvumi." Tumesikia maneno hayo shuleni kwa mapadri, tumeyasikia kazini. Waangalie habari ya Irak. Tarehe 8 Septemba 2002 gazeti la New York Times liliandika, kwa maneno ya wakubwa wa serikali ya Marekani wasiotajwa majina, kwamba Irak inatafuta mabomba ya aluminiamu kwa kazi ya bomu la atomiki. Siku ileile Makamu wa Rais, Dick Cheney, aliketi mbele ya televisheni na kulitaja gazeti hilo. Ona mzunguko wake: wakubwa wananong'ona ndani ya sikio la gazeti, gazeti linapaza sauti, kisha wakubwa wanasema: tazameni, hata gazeti limesema. Mwaka 2003, mwezi wa Machi, vita ikaingia. Silaha zile hazikuonekana. Tarehe 26 Mei 2004 gazeti liliwaandikia wasomaji wake kwamba ilifaa kuyachungua maneno yale kwa ukali zaidi. Wakati huo maiti zilikwisha kuzikwa.

Huko huko Marekani, miaka 30 mbele ya hapo, mtu asiyetajwa jina alisaidia kumwangusha mkubwa mwongo. Juni 1972 wezi walikamatwa ndani ya jumba la Watergate, katika ofisi za chama cha upinzani. Waandishi wawili wa Washington Post, Bob Woodward na Carl Bernstein, walifuata habari hiyo, na mmoja wa waliowasaidia walimwita Deep Throat. Rais Nixon aliacha kazi Agosti 1974. Jina la mtu yule lilijulikana mwaka 2005, alipojitokeza mwenyewe: Mark Felt, aliyekuwa mkubwa wa pili wa FBI. Waandishi wale walikuwa wakimjua tangu mwanzo, nalo ndilo neno la kushika. Msomaji hakumjua; mwandishi alimjua, alijua kazi yake na aliweza kupima kama mtu wa kazi ile anaweza kuwa ameyaona anayoyasema. Hata hivyo hawakumeza kila kitu kutoka kwake. Walitafuta wengine, walitafuta hesabu za fedha. Na pahali fulani, Oktoba 1972, waliandika kwamba shahidi alisema jambo mbele ya majaji, kumbe hakulisema, na serikali ikaliruka jambo hilo kama simba.

Tunarudi nyumbani, maana ya nyumbani ndiyo yanayotukosesha usingizi. Julai 2023 Chérubin Okende, aliyekuwa waziri na kisha msemaji wa chama cha upinzani, alikutwa amekufa ndani ya gari lake Kinshasa. Mwisho wa Agosti gazeti la Jeune Afrique liliandika habari, bila jina la mwandishi, juu ya barua ya siri iliyosemekana ni ya idara ya upelelezi, yenye kuwataja askari wa upelelezi wa jeshi katika kifo hicho. Serikali ilisema barua ni ya uwongo. Tarehe 8 Septemba 2023 walimkamata Stanis Bujakera, mwandishi wa gazeti hilo mjini Kinshasa, wakamshitaki kwamba ameitengeneza na kuieneza. Gazeti lilisema si yeye aliyeandika habari ile. Alikaa gerezani miezi sita, akahukumiwa miezi sita, akatoka Machi 2024. Katikati ya hayo, mwendesha mashtaka alitangaza kwamba Okende alijiua mwenyewe, nacho chama chake kikakataa.

Tunawaomba mpime mambo mawili hapa, nayo yasichanganywe. Barua isiyo na mtu wa kuisimamia inaweza kweli kuwa ya bandia. Kila karani anajua muhuri unachongwa kwa kipande cha mpira wa tairi. Kwa hiyo kuuliza "barua hii imetoka wapi?" si dhambi. Lakini serikali ikiuliza ulizo hilo na pingu mkononi, hilo si ulizo la msomaji tena. Msomaji anataka kujua kama habari ni kweli. Mwenye pingu anataka kujua nani amefungua mlango. Wote wawili wanasema maneno yaleyale, "nani amesema?", na sisi tuko katikati yao.

Na tuseme wazi nani anapata faida watu wakiacha kusadiki kila kitu. Si mfanyakazi. Mfanyakazi akisema "wote ni waongo," anakaa nyumbani, na siku ile habari ya kweli inapomfikia, kwa mfano kwamba fedha za pensheni zimeliwa, anaitupa pamoja na takataka. Desemba 2018 tulipiga kura. Maaskofu walikuwa wamepeleka waangalizi 40,000, na tarehe 3 Januari 2019 wakasema karatasi walizo nazo zinaonyesha mshindi, bila kumtaja. Intaneti ilikuwa imekatwa, redio RFI imezimwa. Tume ya uchaguzi ikamtangaza Félix Tshisekedi. Kisha, tarehe 15 Januari, Financial Times na wenzake wakatoa hesabu zilizovuja kutoka kwa mtu asiyetajwa, zenye kumpa Martin Fayulu kura 59 kwa mia na zaidi. Nao walizilinganisha na hesabu za waangalizi wa maaskofu kabla ya kuchapa. Mahakama ikamthibitisha Tshisekedi tarehe 20. Sisi hapa hatuandiki kumtetea huyu ao yule. Tunauliza tu: mtu wa kawaida aliyekatiwa intaneti, aliyezimiwa redio, aliyenyimwa karatasi za kituo kwa kituo, mnamlaumu kwa nini akisadiki jirani yake? Zile karatasi za vituo zingebandikwa na kuchapwa zote, uvumi ungekufa siku ileile kwa njaa.

Sasa habari ya gazeti letu, maana hatuwezi kuhubiri na kuacha nyumba yetu chafu.

Wanaotuletea habari gizani ni wa namna mbili. Wa kwanza ni mdogo: mchimbaji, muuguzi, mwalimu, karani kama sisi, anayesema neno juu ya mkubwa wake na anayeweza kupoteza kazi, nyumba ya kampuni na shule ya watoto kwa siku moja. Huyo tutamficha, hata tukiitwa na polisi. Wa pili ni mkubwa anayesema neno juu ya mkubwa mwenzake. Huyu ana gari, ana walinzi, ana kipaza sauti siku zote. Kwa nini basi anataka kusema kwa kinywa chetu? Wa namna hii tunao hata ndani ya chama chetu wenyewe. Wametuma vijana jioni na bahasha juu ya mapatano ya fulani na fulani, na kila bahasha ilikuwa na adui yake. Tuliwaambia: mheshimiwa atie jina lake, tutachapa ukurasa wa kwanza. Hakuna aliyerudi. Wengine wamekasirika na kusema gazeti linawavunja nguvu viongozi. Wakasirike, karatasi hii inanunuliwa kwa franka za watu wa makambi, haikununuliwa na bahasha.

Kwa hiyo tangu namba hii, habari ya mtu asiyetajwa itakuwa na maneno haya chini yake: kama aliona ao alisikia, ni mtu wa kazi ya namna gani, kwa kadiri inavyowezekana bila kumtoa, anaogopa nini, na tulimwuliza nani mwingine, pamoja na yule anayeshitakiwa. Jina lake litajulikana na watu wawili wa gazeti, si mmoja, maana mmoja anaweza kudanganywa, tena anaweza kudanganya. Maneno "inasemekana" na "duru za kuaminika" tumeyaondoa. Tukikosa nafasi ya kuandika hayo yote, basi habari ingoje juma lijalo. Mwenzetu mmoja amesema tutakuwa na gazeti la kurasa mbili. Ikiwa hivyo, bei itapungua.

Na neno la mwisho ni kwa mtu mmoja tu. Ndugu uliyeingiza chini ya mlango wetu karatasi saba juu ya wafanyakazi wa hewa, wale majina yao yanalipwa na watu wao hawaonekani: tumezisoma, tumeziweka pahali pa usalama, hatujazichapa. Hesabu zako za kurasa tano za kwanza zinapatana. Katika ukurasa wa sita majina manne yameandikwa kwa mkono mwingine, na tunataka kukuuliza kwa nini. Njoo siku ya alhamisi baada ya zamu, ao mtume mke wako na kikapu kama mwenye kuuza unga. Amwulize karani wa gazeti, aseme tu ameleta mizani.